Sura ya Nne: Binti wa Mnadi Apanda Jukwaani

Daktari alimwambia baba asiseme neno lolote kwa miezi miwili. Baba, mtu ambaye mdomo wake ndio uliotulisha na kutusomesha, akafungua mdomo huohuo ili abishe. Ikatoka hewa tu. Ndipo alipoamini, na machozi yakamlengalenga palepale alipokuwa ameketi.

Kwa asiyetujua, baba yangu ni mnadi. Uwanja wetu wa mnada uko nyuma ya kituo cha mafuta. Una paa la mabati na jukwaa la mbao, na kila Jumamosi watu huja kununua vitu vilivyokwisha kutumika: makabati ya waliohama, makochi ya waliofilisika na ya waliotajirika pia, maana mtu akipata naye hutupa. Baba amesimama juu ya jukwaa lile tangu sijazaliwa. Mimi ni karani wake. Kazi yangu ni kukaa chini, nyuma ya meza, kubandika namba kwenye vitu na kuandika nani kachukua nini. Wanunuzi wananiita Karani. Nyumbani wananiita Poleni, na sababu yake bora niieleze mwenyewe, kwa sababu mkiisikia kwa binamu zangu itakuja na chumvi nyingi.

Mwaka juzi kwenye harusi ya binamu yangu mmoja nilipewa maikrofoni niwashukuru wageni. Ilikuwa sentensi moja tu. Nilikuwa nimeikariri bafuni mpaka kuta zinaijua. Niliposimama na kuyaona macho yale yote, magoti yakaanza mambo yake, masikio yakaziba, na mdomo wangu ukasema kwa sauti safi kabisa, "Poleni sana kwa msiba." Bibi harusi alicheka mpaka kope za bandia zikambanduka. Mimi nilikwenda kujifungia ndani ya gari. Tangu siku hiyo nikiombwa kusema neno mbele za watu nilikuwa naumwa tumbo, na wala sikuwa najisingizia, lilikuwa linauma kweli.

Basi ukimya wa baba ukaleta kikao sebuleni. Baba aliketi kwenye kiti chake na ile kengele yake ya mnada mapajani. Tulikuwa tumekubaliana kwamba akiipiga mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Shangazi, dada yake mkubwa, ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na hakuna aliyemchagua. Pembeni yake alikuwa ameketi Kasuku.

Kasuku ni mnadi kijana aliyekuwa akimsaidia baba siku zenye vitu vingi. Viatu vyake vinang'aa, meno yake yanang'aa, na akianza kusema hata saa ya ukutani inasubiri amalize.

"Uwanja hauwezi kufungwa miezi miwili," shangazi akasema. "Wateja hawana subira. Wakihamia kwingine ndiyo wameenda. Tushukuru kwamba kuna kijana yuko tayari."

"Mimi mama sina neno," Kasuku akasema, mkono kifuani. "Ila mtu hapandi jukwaa la watu hivihivi. Wateja wataniuliza, wewe ni nani kwa mzee? Ningependa niwe na jibu." Akanigeukia na kutabasamu. "Na jibu lenyewe ninaliona limekaa pale, linapendeza."

Shangazi akanigusa goti. "Umesikia, mwanangu? Mdomo kama ule haulali njaa."

"Na masikio yangu je, yatalala saa ngapi?" nikanong'ona.

"Umesemaje?"

"Nimesema nilete chai?"

Kengele ikalia mara mbili. Wote tukamgeukia baba. Alininyooshea kidole mimi, kisha akagusa midomo yake, kisha akaelekeza kidole dirishani, upande uliko uwanja.

Shangazi akaelewa kabla yangu. "Poleni? Mdogo wangu, koo ndilo linalouma au kichwa? Huyu atawaambia wanunuzi poleni kwa msiba, na itakuwa kweli."

Kengele ikalia mara moja. Baba akainua kidole kimoja: Jumamosi moja. Akakata hewa kwa kiganja: mpaka kitu cha mwisho. Halafu akamwelekezea Kasuku mkono wazi, kwa adabu. Hata asiyejua lugha ya ishara angeelewa. Nikiweza kunadi kuanzia kitu cha kwanza hadi cha mwisho bila kushuka, jukwaa langu. Nikishuka kabla ya hapo, jukwaa lake, na nani asiyejua kwamba mimi nilikuwa sehemu ya jukwaa.

"Sawa mzee," Kasuku akasema, akicheka kistaarabu. "Nitakuwa mstari wa mbele. Akikwama nampokea."

Ningeweza kusema siwezi. Neno hilo nalisema vizuri, nimelifanyia mazoezi maisha yangu yote. Lakini nilimkumbuka mtu, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukahesabiwa kukubali.

Mtu huyo ni Fundi. Karakana yake iko kwenye kona ya uwanja wetu, ndiye anayetengeneza samani kabla hazijapanda kuuzwa. Ana mikono mikubwa na maneno machache, na vumbi la mbao halimtoki kwenye nyusi hata siku ya mapumziko. Kwa miezi kadhaa sasa, kila jioni tukifunga, alikuwa ananisindikiza hadi getini. Kutoka karakana hadi getini si mbali, lakini sisi tulikuwa tunafika tumechelewa. Kati yetu palikuwa na jambo, na kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake alitaje. Shangazi aliwahi kutuona, akaniuliza nyumbani, "Yule hasemi ana nini? Mtu ataishije na ukuta?" Ningemwambiaje kwamba ukuta ule ndio niliokuwa naota kuuegemea?

Jumatatu nilikwenda moja kwa moja karakana.

"Fundi, nimekwisha."

Akazima mashine. "Umekwishaje, na mbona nakuona mzima?"

"Jumamosi napanda jukwaani. Mimi. Baba amesema. Yaani, amepiga kengele."

"Hongera."

"Hongera ya nini? Nitazimia."

"Ukizimia tutakulaza kwenye lile kochi la kijani. Springi zake nimebadilisha jana."

Nilitaka kukasirika, nikacheka. Ndivyo alivyo. Wakiwa watu watatu hasemi, tukiwa wawili utamwombea apumzike. Nikamweleza yote, kengele, kidole, na jibu la Kasuku lililokaa likipendeza. Nilipofika kwenye hilo jibu alichukua kipande cha msasa na kuanza kusugua ubao uliokuwa umeshasuguliwa.

"Hebu niambie," akasema, bila kunitazama. "Unaogopa nini hasa?"

"Macho. Mtu mmoja akiniangalia naweza kujieleza. Wakiwa wengi nasahau hata jina langu."

"Lakini wale hawaji kukuangalia wewe, Karani. Wanakuja kuangalia vitu. Mtu anayetaka kabati hana habari na magoti yako."

"Magoti yangu yana habari naye."

Akakuna nyusi, vumbi likamwagika. Kisha akaanza kuvipanga viti vyote vilivyokuwa vinasubiri Jumamosi, vya mbao, vya chuma, vya plastiki, safu kwa safu, vyote vikiwa vimenigeukia. Mbele kabisa aliweka kimoja kisicho na mgongo.

"Haya. Hawa ndio wanunuzi wako."

"Na huyu asiye na mgongo?"

"Huyo ni mteja sugu. Anakuja kila wiki, anauliza bei zote, hanunui. Mzoee mapema." Akanipa stuli. "Isemee. Usijisemee wewe, isemee stuli. Imetoka wapi, ina kasoro gani, itamfaa nani. Wewe utajificha nyuma yake."

Nilijiona mjinga kusimama mbele ya viti. Nikasema maneno mawili, nikakohoa. Akasema viti vya nyuma havijasikia. Nikarudia. Akasema kile cha plastiki kimesinzia. Nikarudia tena kwa hasira, na kwa mara ya kwanza sauti yangu ikagonga bati la karakana na kunirudia, nikashtuka kama nimemsikia mtu mwingine.

Wiki nzima tulifanya hivyo kila baada ya kazi. Kufika Alhamisi nilikuwa navifokea viti mpaka watu wa kituo cha mafuta wanageuka. Niliuza kabati moja kwa viti vile mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Nikawa naingia karakana nikiimba, na shangazi akaanza kuniuliza kwa nini ninavaa nguo nzuri kwenda kubandika namba.

Ijumaa Fundi akasema tumalizie na mnunuzi mwenye damu. Akaenda kuketi safu ya nyuma, mikono mapajani.

Nikafungua mdomo. Hamna kitu.

"Endelea," akasema.

"Siwezi. Umekaa."

"Mimi na kiti tuna tofauti gani?"

"Kiti hakiniangalii hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Hivyohivyo unavyoniangalia sasa."

Akateremsha macho, akatazama vidole vyake kana kwamba amevikuta hapo. Mimi nikatazama paa. Nilimpenda, na nilikuwa na uhakika kwamba akiinua tu uso wake ataona jambo hilo limeandikwa kwenye paji langu. Kisha akasimama, akaja hadi karibu, nikasikia harufu ya vanishi.

"Karani, kuna jambo nimekuwa nataka kukuambia."

"Niambie."

Akavuta pumzi. Akaishusha. Akavuta nyingine. "Gundi ya kile kiti cha kwanza haijakauka. Usikikalie."

"Ndilo hilo jambo?"

"Ni sehemu yake."

"Na sehemu iliyobaki?"

"Ni ndefu kidogo," akasema, na masikio yake yakawa mekundu.

"Kwani wewe, Fundi, ungeweza kusimama pale juu?"

"Mimi? Kocha hachezi mpira," akajibu haraka, akaiwasha mashine, na mashine ikasema badala yetu sote wawili.

Jumamosi ikafika, haikunionea huruma. Uwanja ulijaa kuliko kawaida, maana habari ya binti wa mnadi ilikuwa imeshazunguka mitaa yote. Shangazi alikaa mbele, amevaa gauni analovaa kwenye harusi. Baba alisimama ubavuni mwa jukwaa, skafu shingoni. Kasuku alikaa mstari wa mbele kama alivyoahidi, mguu juu ya mguu. Fundi alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana na kitambaa cha kufutia vumbi mkononi, mbali, mahali ninapoweza kumwona.

Nikapanda. Nikashika maikrofoni, ikapiga mluzi. Watu wakanyamaza kwa heshima, na heshima yao ikanimaliza. Maneno yote niliyoyamwaga karakana yalikuwa yamebaki hukohuko kwenye viti. Nikafungua mdomo, nikaufunga.

"Poleni," Kasuku akaita kwa upole wa kusikika na wote, "teremka taratibu, dada, usije ukaanguka."

Watu wakacheka. Shangazi akafumba macho. Wapagazi wetu, wasiojua wafanye nini, wakafanya wanachofanya kila Jumamosi, wakaleta kitu cha kwanza na kukiweka mbele yangu.

Kilikuwa yule mteja sugu. Fundi alikuwa amekitia mgongo mpya. Nilipokiona kimenigeukia kwa ule uso wake wa kuuliza bei, kicheko kikanitoka puani.

"Kiti hiki," nikasema, sauti nyembamba, "Jumatatu hakikuwa na mgongo."

"Hatusikii," mtu akaita kutoka nyuma.

Kile cha plastiki kimesinzia, nikajiambia. Nikajaza kifua. "Nasema Jumatatu hakikuwa na mgongo. Leo kinao, na mgongo wenyewe ni wa mninga, si wa mbao za maboksi. Mguu wa nyuma una kovu, sitawaficha. Mtu asiyejali makovu atakaa juu yake mpaka awe babu. Mama mwenye kilemba cha njano, hebu njoo ukikalie."

Mama akaja, akaketi, akajitikisa.

"Kinalia?"

"Hakilii."

"Kinakufaa?"

"Kinanifaa kuliko mume wangu," akasema, na uwanja ukaangua kicheko.

"Basi nani ananianzia?"

Mkono mmoja ukainuka, halafu mwingine, halafu wa mama mwenyewe. Bei ikapanda. Nilipogonga nyundo yangu ya kwanza, nilitamani kuirudia tena palepale, kwa utamu tu.

Baada ya hapo mambo yakaenda. Sikuwaona watu tena, niliona makabati na majiko na pasi, na kila kimoja nilikijua kasoro zake. Nikafika kwenye feni kubwa ya kusimama. Bei ilikuwa imesimama nayo, hakuna anayeongeza, mara bwana mmoja mwenye upara akainua mkono juu.

"Ya kwako, baba," nikasema, nikagonga.

Bwana akasimama. "Binti, nilikuwa nafukuza nzi."

"Ndiyo maana unahitaji feni, baba."

Watu walicheka mpaka wakapigana mabega. Yeye mwenyewe alicheka, akatikisa kichwa, akaenda kuichukua. Hakubisha, maana sheria ya uwanja wetu aliiweka baba na kila mnunuzi anaijua: mkono ukiinuka umeshasema, na ukishasema haurudi. Nikamtazama baba. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko kisicho na sauti. Shangazi alikuwa amefumbua macho yote mawili.

Kikabaki kitu kimoja, friji kubwa ya milango miwili, ambayo nusu ya watu walikuwa wameifuata hiyo tu. Wapagazi walikuwa bado wanaisukuma kutoka stoo pale Kasuku aliposimama na kuugeukia umati.

"Jamani, tumeuza viti, tumeuza feni. Lakini kuna kitu kizuri kimesimama jukwaani tangu asubuhi na hakijanadiwa. Karani mwenyewe. Naanza mimi, na wa kunizidi anizidi."

Watu wakapiga miluzi. Shangazi alipiga makofi kabla hajajua anapigia nini. Kasuku akasogea hadi kwenye ngazi na kuninyooshea mkono, kama mtu wa adabu anayemsaidia binti kuteremka, na nilipouona mkono ule nikaelewa. Alitaka nishuke kabla ya friji.

Na nilitaka kushuka. Kumbe dawa ya Fundi ilikuwa na mpaka wake. Mpaka hapo walikuwa wanaangalia vitu, na mimi nimejificha nyuma yake. Sasa mbele yangu hapakuwa na kitu cha kunificha. Walikuwa wananiangalia mimi, macho yote, na magoti yakakumbuka kazi yake ya zamani. Masikio yakaanza kuziba. Nikamtafuta baba, naye hakunipa ishara yoyote. Alisubiri tu, kama wengine.

"Kaka," nikasema. Maikrofoni ilichukua hadi pumzi zangu. "Kinachonadiwa hapa ni kitu ambacho mwenyewe hakitaki tena. Mimi bado najitaka."

Wanawake ndio walioanza kupiga makofi. Mama mwenye kilemba cha njano alisimama juu ya kiti chake kipya.

Kasuku akacheka, lakini alikuwa amekasirika kidogo. "Sawa, sawa. Basi tuambie kama kuna mwenye nafasi, tusipoteze muda wetu."

"Yupo."

Neno lilitoka kabla sijalipima. Uwanja mzima ukauliza kwa pamoja, "Nani?" Nikaona hakuna njia ya kurudi, ile ya mbele ndiyo fupi.

"Ananisindikiza kila jioni mpaka getini," nikasema. Sauti ilikuwa inatetemeka na niliiacha itetemeke. "Hajaniambia neno, nami sijamwambia. Nilikuwa naogopa. Lakini kama nimeweza kumuuzia feni mtu aliyekuwa anafukuza nzi, na hili nitalisema. Nampenda Fundi."

Vichwa vyote vikageuka kuelekea mlango wa karakana. Fundi alikuwa amesimama vilevile, kitambaa mkononi, uso umempauka.

"Haya, Fundi," Kasuku akamwita. "Mwenzako amesema mbele za watu. Nawe sema tusikie."

Fundi akafungua mdomo. Akaufunga. Akalamba midomo. Akaufungua tena, na mimi kule juu nikayaona magoti yake ndani ya ile suruali ya kazi, nikayatambua, yalikuwa ya ukoo mmoja na yangu. Mtu aliyenifundisha wiki nzima kusema alikuwa na ugonjwa uleule, pengine kunishinda. Ndiyo maana alijua dawa.

"Si nilisema?" shangazi akamnong'oneza jirani yake, na mnong'ono wa shangazi unafika mbali. "Ukuta."

Nilitaka kumsemea. Nilikuwa nimeshaishika maikrofoni kwa nguvu kufanya hivyo, lakini Fundi aliinua uso akanitazama. Hakuwatazama wao, alinitazama mimi peke yangu, kama Ijumaa alipokuwa ameketi safu ya nyuma. Kisha akainua mkono. Aliuinua juu kabisa, na kile kitambaa chake cha vumbi kikining'inia, akauacha hukohuko.

Halafu yule bwana mwenye upara akasimama na feni yake.

"Huyo hafukuzi nzi," akatangaza.

Uwanja ukalipuka. Watu walipiga makofi, walipiga mabati, walipiga milango ya makabati waliyoyanunua. "Mkono umesema," walikuwa wanaitana, "umesema, haurudi." Machozi yalinitoka bila kuniomba ruhusa. Sikuwa na neno hata moja, mimi niliyekuwa nimejaa maneno tangu asubuhi, kwa hiyo nikainua na mkono wangu. Tukakaa hivyo, yeye kule na mimi huku, mikono juu, kama watoto wawili wanaojua jibu.

Kasuku aliangalia upande ule, akaangalia upande huu, akacheka kicheko cha kweli safari hii. "Nimezidiwa," akasema, akarudi kuketi.

Baba akapanda jukwaani. Shangazi akainuka akimfuata. "Mdogo wangu, fikiri kwanza. Kijana mzuri sikatai, lakini hasemi yule."

Baba akaniinamia sikioni. Mwanzo nilidhani ananibusu. Kumbe alikuwa anavunja amri ya daktari, kwa hewa ileile kidogo iliyombakia.

"Kasemaje mzee?" watu wakaita. "Tusemee."

"Anasema," nikaanza, nikashindwa kuzuia kicheko, "anasema, dada yangu, nyumba hii ina wasemaji wa kutosha. Imekosa msikilizaji."

Hata shangazi alicheka. Alijaribu kuuma midomo, akashindwa, akaketi na kujifunika uso kwa kitambaa chake. Baba akainama tena sikioni kwangu, na safari hii alikaa kidogo. Maneno yalikuwa machache. Nilipoyasikia nilimwangalia usoni nione kama nimesikia vizuri, naye akaashiria kwa kidevu kwamba niwaambie watu.

"Baba, hayo si ya hapa," nikamnong'oneza. "Hayo ni ya nyumbani."

Akatikisa kichwa. Akaichukua mikono yangu yote miwili, akaiweka vizuri kwenye maikrofoni, kama anavyomwonyesha mtu pa kushika. Halafu akarudi nyuma hatua moja na kuniachia jukwaa.

Nikawageukia. Wapagazi walikuwa wameegemea friji, na Fundi kule mlangoni mkono wake ulikuwa bado juu, hakuna aliyemwambia aushushe.

"Mzee anasema nikishaiuza friji hii, jukwaa hili ni langu kuanzia leo," nikasema. "Na anasema Fundi aje nyumbani kesho mchana, aje na wakubwa wake. Amekubali. Na mimi nimekubali."

Ndivyo nilivyotangaza uchumba wangu, kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya watu waliokuja kutafuta friji.